Kitambaa cha Kijani kwenye Sikio la Bakuli

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kuwauliza watu wazima wao ni nani. Niliipata miaka ile ya mwanzo baada ya Mapinduzi, wakati kila afisi ilikuwa na meza mpya na mtu mpya wa kuikalia. Mimi nilikuwa na darasa la nane, mwandiko mzuri, na kichwa kilichojaa ndoto. Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, nje kidogo ya mji, njia ya kwendea Mtoni. Waliniwekea meza langoni chini ya kibaraza cha mabati, wakanipa daftari, kalamu ya wino na kiti kigumu. Siku ya kwanza nilikikalia kile kiti nikajiona nimefika. Nikawaza kwamba nikifanya vizuri watakitilia mto.

Lango lilihitaji karani kwa sababu kwetu mgonjwa hatembelewi na mtu mmoja. Akilazwa mmoja, mtaa mzima unahamia wodini pamoja na mikeka na birika za chai. Kabla sijaajiriwa, mgonjwa wa sukari aliletewa halua na shangazi yake, kwa mapenzi tu, na nusura imuue. Mgonjwa wa kifua alikutwa kapakatishwa mtoto mchanga wa jirani, eti wazoeane. Ndipo metroni, mkuu wa wauguzi, mwanamke wa makamo asiyepandisha sauti hata akikasirika, alipoamua kwamba kila mgonjwa atataja watu wake, na kila mtu atajulikana ameruhusiwa nini. Wengine ni wa kuona tu. Wengine ni wa kulisha. Wachache ni wa kulala na mgonjwa usiku. Asiyetajwa haingii, hata akilia.

Hayo yote yalikuwa kwenye daftari langu, na daftari langu lilikuwa balaa. Niliwaandika wagonjwa kwa jinsi walivyolazwa, na chini ya kila mgonjwa watu wake. Mtu akifika namuuliza jina, kisha naanzia juu nateremka kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa. Jioni, gari za shamba zikishateremsha watu wa Bububu, msururu ulikuwa unatoka langoni, unapinda na ukuta, unafika barabarani. Na watu wetu hawajui kungoja kimya.

“We mwana, uji unapoa!”

“Anasoma au anahifadhi?”

Bibi mmoja, aliyekuwa anakuja kila siku kumwona mwanawe aliyevunjika mguu, aliniinamia mezani akasema kwa upole kabisa, “Mjukuu wangu, taratibu, usijichoshe. Mpaka unifikie mimi, mwanangu keshapona, keshaoa, keshanizalia wajukuu.”

Nilicheka nao, lakini ndani niliona haya. Na haya kubwa haikuwa ya kuchelewa. Ilikuwa ile ya kuuliza. Mji wetu mdogo. Anasimama mbele yako bibi aliyekufundisha alifu na be, aliyekufinya sikio ukikosea, nawe unamwambia, “Shikamoo, bibi. Jina lako nani?” Anakutazama. “Marahaba. Leo hunijui?” Na wote walio nyuma yake wanasikia. Siku moja nilimuuliza hivyo mkunga aliyenipokea duniani. Alisema, “Mie nakujua tangu hujavaa nguo.” Msururu mzima ukaangua kicheko, nikatamani kuingia chini ya meza.

Basi nikaanza kufikiri. Nikirudi mjini kwa miguu, nilikuwa nalipanga lango langu kichwani kama wasichana wenzangu walivyokuwa wakipanga arusi zao. Kwanza niligeuza swali. Badala ya “wewe nani?” nikawa nauliza “unakwenda kwa nani?” Kila mgonjwa nikamkatia karatasi yake mwenyewe, nikaitundika kwenye msumari wake, ukutani nyuma ya kiti changu. Sikuwa tena na haja ya kupekua watu wa hospitali nzima, napekua watu wa mgonjwa mmoja. Msururu ukafupika. Yule bibi mtani akaniambia, “Ahaa, leo nitamkuta bado mgonjwa.”

Haikunitosha. Watu ni wale wale, wanakuja asubuhi, wanakuja jioni, na kila mara nawatafuta upya kama sijapata kuwaona. Nikajiuliza, kwa nini nisimuulize mtu mara moja tu, nikamtia alama? Nikaenda Darajani kwa mafundi cherehani, nikaomba mabaki ya vitambaa. Cheupe cha kuona, cha kijani cha kulisha, chekundu cha kulala. Ukishaulizwa siku ya kwanza unafungwa kitambaa, na tangu hapo mimi natazama rangi tu.

Nilianza kwa kuwafunga mkononi. Haikwenda. Wanaume walisema wamefungwa kama mbuzi wa mnadani, na wanawake hawakupenda kufunua buibui na kunyosha mkono mbele za watu. Ndipo likanijia wazo ambalo niliona halina mfano. Wa kulisha wote wanakuja na vyombo. Mkono mtu anauficha, lakini chakula kinabebwa mbele, kila mtu anakiona. Nikawa nafunga kitambaa cha kijani kwenye sikio la bakuli; vyeupe na vyekundu nikavihamishia kwenye mkoba au kanga. Mabakuli ya bati ya siku zile yalikuwa na masikio mawili ya kushikia, utasema yametengenezwa kwa ajili yangu. Bakuli linafika langoni, linajieleza lenyewe, nami simuulizi mkubwa wangu neno.

Lango likaenda mbio. “Pita, mama. Pita, baba. Pita, pita.” Uji ulikuwa unafika wodini na mvuke wake. Siku moja metroni alikuja akasimama nyuma yangu, akatazama watu wanavyopita, akasema, “Umefanya vizuri.” Kisha akauliza, “Na ruhusa ikibadilika?”

“Nakifungua kitambaa, metroni.”

“Bakuli likiwa hapa.”

“Naam.”

Alinitazama kidogo, kama mtu aliyetaka kuongeza neno, akaitwa ndani, akaenda. Mimi nilikuwa nshaanza kuota. Niliziona hospitali zote za Unguja zinafunga vitambaa, kisha Pemba, kisha anakuja mtu wa bandarini kuniomba nikampangie lango lake. Nikauona na ule mto wa kiti.

Nyumba yetu ilikuwa mjini, kwenye kichochoro chembamba, mama akipika na mke wa jirani wa mbele akipika hujui harufu ni ya nani. Jirani huyo alikuwa fundi viatu, mtu wa utani mwingi na sauti ndogo. Alilazwa kwetu kwa maradhi ambayo mtaani yaliitwa tumbo. Yalikuwa mshipa, ngiri ya kushuka chini ya kinena. Lakini mshipa kwa mwanamume mwenye heshima zake hautajwi, na mkewe, hata kwa mama yangu ambaye walikuwa hawafichani kitu, alisema tumbo tu. Mimi nilijua kwa sababu ya karatasi zangu, nikafunga mdomo.

Nilipompitia wodini aliniambia lililokuwa moyoni mwake. Binti yao alikuwa anaolewa wiki chache mbele. Jirani alitaka jambo moja tu: akae kwenye mkeka, akunje miguu, uso kwa uso na bwana arusi, amshike mkono, amwozeshe binti yake kwa ulimi wake mwenyewe. Na kukaa chini ndiko alikokuwa hawezi tena. “Daktari akinipasua sasa,” alisema, “arusi itanikuta nshapona. Sitaki mwanangu aozeshwe na wakili, kama mie niko safarini.” Daktari wa kupasua hakuwa wa kwetu. Alikuwa akija, anakaa siku chache, na akishavuka kwenda Pemba miezi hupita kabla hujamwona tena.

Mkewe alikuwa na kitambaa cha kijani. Nilikifunga mimi, kwenye sikio la bakuli lake jeupe lenye ua la buluu, bakuli zuri kuliko yote ya kichochoro kile. Siku moja alipika ndizi za nazi, za mgonjwa na za kwao, akapakua na zetu, akamletea mama ndani ya bakuli lile lile. Kitambaa changu kilikuwa bado kinaning'inia. Nilikiona. Nilikula ndizi, nikacheka, nikamwambia mama, “Tazama, bakuli lina ruhusa ya kulisha, limekuja kutulisha sisi.” Mama naye akacheka. Kufikiri zaidi ya hapo sikufikiri.

Na kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Haikuandikwa popote, lakini hakuna mwanamke atakayevuka kichochoro na chombo kitupu cha mwenziwe mkononi, bora asionekane. Bakuli linakaa jikoni kwako mpaka upate cha kulijaza.

Kesho yake mkewe alikuja na chombo kingine, nikampitisha kwa karatasi. Jioni, mimi nikiwa nshaondoka kazini, daktari aliamua kumpasua jirani asubuhi. Metroni akachukua karatasi yake langoni, akaandika juu yake: tangu usiku asile wala asinywe. Akairudisha kwenye msumari. Akamwambia mgonjwa. Akamwambia na mkewe, asubuhi usilete kitu. Kila aliyepaswa kuambiwa aliambiwa, na bakuli lenye ruhusa lilikuwa kwetu, limefunikwa kwa kawa.

Asubuhi nilitoka nyumbani mapema. Yaliyofuata pale kichochoroni mama alinisimulia baadaye. Alimwona mke wa jirani amekaa barazani hana haraka, akamuuliza, “Leo huendi?”

“Leo sendi mapema.”

Angesema zaidi ingebidi ataje kupasuliwa, na akitaja kupasuliwa ataulizwa wapi. Mama akajifahamisha mwenyewe kwamba mwenziwe kachoka na kuona haya kusema. Akakoroga uji wa mchele kwa tui na iliki, akalijaza bakuli, akavaa buibui lake. Alifikiri anafanya mambo mawili mema kwa mkono mmoja: anamlisha mgonjwa, na bakuli linarudi limejaa.

Langoni msururu ulikuwa mrefu lakini unakwenda. Nyeupe, kijani, kijani, nyekundu. Halafu nikaona ua la buluu, na nyuma yake mama yangu.

“Haya karani,” alisema kwa sauti ya kusikiwa, anatabasamu, “mimi naruhusiwa?”

Watu wakacheka. Mwanamume mmoja nyuma akasema, “Akimzuia mamake leo, mie sendi kazini, nitakaa hapa nitazame!”

Mama hakuwa kwenye karatasi ya mgonjwa yeyote. Hilo nililijua. Bakuli si lake, hilo pia nililijua. Kilichotakiwa ni nigeuze shingo tu, nitazame msumarini. Lakini nimsimamishe mama yangu mzazi mbele ya kadamnasi, nimwambie mama ngoja, niangalie kama umeandikwa? Uso ulinipata moto kwa kulifikiria tu. Na kitambaa kilikuwa cha kijani. Nilikishika kile kijani kama mtu anayeshika kamba.

“Pita, mama,” nikasema.

Muuguzi wa wodi ya wanaume aliona kijani, akajua langoni wameshauliza. Hakuuliza tena. Jirani yeye alikuwa anajua hatakiwi kula. Alinieleza siku nyingine, bila kinyongo, akitazama pembeni: mama yangu alikuwa amesimama pale kitandani, jasho linamtoka, kaja kwa miguu kutoka mjini na bakuli mkononi, anamwambia kunywa ungali moto. Angemwambia nini? Daktari kanikataza. Kwa nini kakukataza? Basi akanywa vijiko vichache kwa heshima. “Lakini mama yako,” alisema, “hakubali vijiko vichache.”

Walipokwenda kumchukua, metroni alimuuliza kama kawaida, umekula? Naye hakuwa mtu wa kusema uongo.

Nilikuwa nafunga kitambaa cheupe kwenye mkoba wa mwanafunzi mmoja metroni alipotoka. Hakupandisha sauti. Alikwenda moja kwa moja msumarini, akaichukua ile karatasi, akaiweka mezani mbele yangu, maandishi yake juu. Asile wala asinywe. Msururu wote upo, unatazama.

“Nani kapita kwa mgonjwa huyu asubuhi?”

Mama ndiyo kwanza alikuwa anatoka, bakuli kwapani. Akasimama. Akaitazama karatasi asiyoweza kuisoma, akanitazama mimi.

“Mimi,” alisema. “Kwani kuna nini?”

“Nimempitisha mimi, metroni,” nikasema. “Niliona kijani.”

Hapana aliyecheka. Yule bibi mtani, aliyekuwa hakosi neno, aligeuka akatazama ukuta ili asinione. Bora angenitania. Mama alisubiri nimweleze, nami sikuweza kumweleza mbele za watu, maana kumweleza ni kutaja mshipa wa mtu. Akashuka barabarani peke yake, mgongo wake umenyooka mno, kama mtu aliyebeba kitu kichwani. Alidhani kosa lake ni kuja.

Daktari hakumlaza jirani kwa dawa ya usingizi tumbo likiwa na uji, alisema anaweza kupaliwa akafa. Alikuwa anavuka Pemba siku ile ile. Jirani akarudishiwa nguo zake, akaenda kwao na mshipa wake.

Nilingoja kufukuzwa. Metroni aliniita chumbani kwake akaniuliza, “Sasa utafanyaje?” Nikasema nitarudi kwenye daftari, nimuulize kila mtu kila siku. “Na uji ulale langoni?” Akatikisa kichwa. Tulikaa pale tukapanga, mimi nikiwa naongea huku macho yangu yako sakafuni. Vitambaa vibaki, lakini vya kijani vivuliwe kwenye mabakuli vyote, vifungwe kwenye kanga au mkoba wa mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya lango kufunguliwa, mimi nipewe kijikaratasi cha waliobadilishiwa tu tangu jana. Huwa wachache, nawashika kichwani, na lango halichelewi. Na aliyekatazwa chakula, muuguzi anayemkataza amfungie kitambaa cheusi kwenye kitanda chake, pale pale kijiko kinapofika. Ilifanya kazi. Watu waliendelea kupita mbio. Lakini tangu siku ile sikuliota tena lango la bandarini, na mtu akinisifu nilikuwa nainama kutafuta kalamu.

Arusi haikungoja. Ndoa ilisomwa nyumbani kwao, ukumbi wa chini. Sisi wanawake tulikuwa juu, tunachungulia kwenye mbao za ngazi. Shehe na wazee wamekaa kwenye mkeka, bwana arusi kapiga magoti, na baba wa bibi arusi, peke yake katika ukumbi wote, kakaa kwenye kiti. Kiti kilitoka kwetu. Mama alikishonea mto, ameshona siku nzima.

Nikawasikia watu wawili wa upande wa mume, wamesimama chini ya ngazi.

“Mwenye binti kajiweka juu ya shehe.”

“Mwache bwana, leo siku yake. Kesho atashuka.”

Walicheka kwa pua. Najua jirani aliwasikia, kwa sababu masikio yake yalibadilika rangi. Angesema neno moja wangenyamaza na kumwomba radhi. Hakulisema. Aliinama mbele kadiri alivyoweza, bwana arusi akajiinua juu ya magoti yake, mikono yao ikakutana hewani, si juu wala si chini. Akamwozesha binti yake kwa sauti yake ndogo, neno kwa neno, hakukosea. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nakitazama kile kiti. Daktari alirudi baadaye, alimpasua, akapona vizuri kabisa, lakini siku ile ilikuwa imeshapita na haina nyingine.

Bakuli lilibaki kwetu muda wote huo. Mama alilisugua likang'aa, akalifunika, kila akitaka kulirudisha anakaa tena. “Nilirudishe na nini?” alikuwa anasema. Nilikuwa nshamweleza yote, na tangu hapo akipishana na mke wa jirani kichochoroni wote wawili walikuwa wanasalimiana mno, salamu ndefu, hawatazamani. Baada ya arusi nikamwambia, lijaze chochote, nitalipeleka mimi. Akachoma vitumbua.

Jirani alikuwa mlangoni kwake, juu ya kiti chetu, kiatu cha mtu magotini. Nikamwamkia. Aliitikia, akalitazama bakuli, kisha akakitazama kile kitambaa cha kijani. Kilikuwa bado kwenye sikio. Fundo lilikuwa limekaza kwa maji na mimi sikuwahi kuwa na uso wa kulifungua. Akaniangalia usoni, taratibu, na chini ya masharubu nikaona utani wake unarudi.

“Leo naruhusiwa?”

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili. Alinyosha mkono kupokea. Mimi nikalirudisha bakuli kifuani.

“Ngoja kwanza nikuulizie,” nikasema, nikampita mlangoni, nikaingia ndani kwa mkewe.